Mkono wa Tatu wa Nyota

Kuna harufu moja ambayo tumbo langu huitambua kabla ya pua. Ni harufu ya mazutu, dizeli ya magari, ya nyuzi za nazi zilizojazwa ndani ya kiti cha zamani zikalowa na kukauka mara nyingi mno, na chini yake harufu ya majani yaliyonyauka. Mwezi uliopita niliingia nyuma ya gari la baba, mahali nilipoapa utotoni kwamba sitaketi tena, nayo harufu ikanipokea mlangoni. Nikashika kiti kwa mikono yote miwili ingawa gari lilikuwa bado limesimama. Mimi ni mtu wa wasiwasi, wadogo zangu wanajua na hawanionei huruma. Simu ikilia na namba nisiyoifahamu, nakaa kwanza chini ndipo napokea. Ila wasiwasi huo haukuzaliwa nami. Nakumbuka ulikoanzia, na wengi wa rika langu waliokulia Butembo na Beni nao wana pao pa kuanzia.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, refu, na nyuma lilikuwa na mlango mmoja wa kuinuliwa juu. Lilitoka Ujerumani kwa meli hadi Mombasa, likakata Uganda nzima, likaingia kwetu kwa mpaka wa Kasindi na kupanda hadi Butembo, zamani zile kahawa ilipokuwa bado inawajengea watu nyumba. Aliyelileta alikuwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, mtu mwenye kofia kubwa, aliyesafiri hadi huko kiwandani kwenyewe na kutembezwa humo siku nzima. Alirudi na gari pamoja na hadithi nyingi. Baba alikuwa shofere wake. Yule tajiri alipozeeka na macho kumwishia, alimwachia baba lile gari kwa sababu hakutaka liguswe na mkono mwingine. Hadithi nazo zikahamia nyumbani kwetu Kimemi.

Mjini hakuna aliyelitaja kwa jina la kiwanda. Waliliita Mujerumani, kama mtu. Magari mengine ya Butembo yalikuja mapya, yakang'aa msimu mmoja, yakaishia kuwa mabanda ya kuku. Mujerumani alikohoa kidogo asubuhi, akatoa moshi, akaenda kazini. "Mujerumani hapana kufia mu njia," mafundi walisema, na walisema hivyo hata siku walipokuwa wamelala chini yake. Koko, nyanya yetu mzaa baba, hakuwa na heshima kubwa kwa ile nyota ya chuma iliyosimama mbele ya gari. Alikumbusha kwamba wakubwa wote waliokula nchi hii waliila wakiwa wameketi nyuma ya nyota kama ile, na madirisha wamefunga. Lakini siku ya Jumapili, baba akimfungulia mlango wa mbele ili ampeleke misa, koko alipanda akiwa amenyoosha shingo kama mke wa gavana.

Gari lilikuwa na kazi mbili. Kwanza ndoa. Msichana wa Butembo akiolewa bila kupanda Mujerumani, shangazi zake walipata la kusema mwaka mzima. Siku hizo baba alifunga utepe mweupe mbele, akapiga honi ndefu kutoka kanisani hadi ukumbini, nasi watoto tukakimbia nyuma tukipiga kelele. Kazi ya pili ilikuwa kilio. Mtu wetu akifa mbali lazima arudishwe azikwe kwao, na gari linalomrudisha hufungwa matawi mabichi mbele ili njia nzima ijue limebeba nini. Wenye pikipiki husimama, wanaume huvua kofia, na hata kwenye bariyeri, kizuizi cha wanajeshi, kamba inayokatiza barabara huteremshwa bila maneno mengi. Sisi watoto tulijua kusoma gari kabla ya kusoma kitabu. Utepe ni ndoa, majani ni kilio.

Jioni, baada ya kula, baba alitusimulia zile hadithi za tajiri. Alitueleza kwamba mtu aliyetengeneza gari la kwanza kule Ujerumani aliogopa kulipeleka mbali, watu walikuwa wanalicheka. Mke wake akaamka asubuhi kabla bwana hajaamka, akachukua watoto wake wawili wa kiume, akaliwasha, akaenda nalo mji mwingine kumsalimia mama yake. Mafuta yalipokwisha alinunua kwenye duka la dawa. Mrija ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Huyo mwanamke ndiye aliyeuonyesha ulimwengu kwamba gari linafika.

"Huyo mwanamuke alitoka bila kuaga bwana yake?" koko aliuliza kila mara, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kusikia.

"Alienda kusalimia mama yake, Mama," baba alijibu.

"Basi hapo sawa."

Mama yangu, aliyekuwa akichambua maharage kando, naye alikuwa na neno lake kila mara. "Donc gari alitengeneza bwana, mais bibi njo aliisafirisha," alisema, akichanganya Kifaransa chake cha sokoni, na baba akajifanya hakusikia.

Tuliambiwa pia kwamba jina la gari lilikuwa jina la binti wa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiyauza magari hayo. Mimi nilikuwa binti wa shofere, na sikuona kwa nini gari moja lisiitwe Masika, jina langu. Lakini hadithi iliyoniingia mpaka mifupani ilikuwa ile ya nyota. Baba alinibeba siku moja mbele ya gari, akaniwekea kidole juu ya ile mikono mitatu iliyosimama.

"Mukono ya kwanza ni udongo," akasema. "Ya pili ni mayi. Ya tatu ni mbingu. Bajerumani balisema machini yabo itatembea kote."

Baba alikuwa akinieleza ndoto ya watu wa kale. Mimi nilielewa kwamba ananieleza uwezo wa gari letu. Mkono wa udongo nilikuwa nauona kila siku. Mkono wa maji niliuona msimu wa mvua, kijito cha chini ya kwetu kilipofurika, magari yote yakasimama ukingoni na Mujerumani akapita huku maji yakimfika milangoni. Ulibaki mkono wa mbingu. Huo baba hakuwahi kuutumia mbele yangu, nami nikaamini anauwekea akiba.

Mama alikuwa mchuuzi. Alichukua viazi vya Lubero, akavipakia kwenye lori hadi Beni, akalala kwa dada yake kule Mavivi, karibu na uwanja wa ndege, kisha akarudi na mafuta ya mawese. Kwetu Butembo ni baridi na miti yetu ni mikaratusi, michikichi haikui. Kwa hiyo kila kitu cha mchikichi kilikuwa kwangu kitu cha mama akirudi: madumu mekundu, mikono yake yenye mafuta, na shada la ngazi, matunda ya mchikichi, alilotuletea tuchemshe na kutafuna. Alinieleza kwamba michikichi ya huko ni mirefu kiasi kwamba wanaoipanda hujifunga kamba kiunoni. Nilimwomba mara nyingi anichukue nikaione. Alisema, "Njia ya Beni haiko ya batoto," na mazungumzo yakaishia hapo.

Nilijua kwa nini, kama watoto wote walivyojua, kwa masikio ya nyuma ya mlango. Kulikuwa na pori kando ya barabara ile, na kulikuwa na watu ndani ya pori. Wakubwa walipofika kwenye neno hilo walishusha sauti, na mtoto akitokea waliuliza habari za shule. Nilikuwa mzuri shuleni kwa sababu ya kuulizwa sana.

Halafu mama akaenda, na siku aliyosema atarudi hakurudi.

Kila jioni koko alipika, akafunika sahani ya mama kwa sahani nyingine, akaiweka karibu na moto. Baba alisimama juu ya ngazi za nyuma ambako simu ilikuwa inashika vizuri, akaipandisha juu, akaishusha, akaipandisha. "Rezo haiko kule," alisema, kwamba mtandao umekatika, ingawa hakuna aliyemuuliza. Jirani yetu Mama Kavira, ambaye redio yake ilisikika mpaka kwetu kila asubuhi, aliipunguza sauti. Hilo ndilo lililoniogopesha. Mdogo wangu Paluku alikuwa bado mdogo, alilia usiku akitaka mama, na mimi nikambembeleza kwa maneno niliyoyasikia kwa koko bila mimi mwenyewe kuyaamini.

Malori kutoka Beni yalikuwa hayaji tena. Honi zao ndizo zilizokuwa zinatuamsha, sasa tuliamshwa na ukimya. Watu walianza kusimama mbele ya nyumba yetu, wakazungumza na baba kwa ufupi na kuondoka. Nilikuwa na hila moja: kukaa chini ya dirisha la jikoni nikijifanya nachambua mboga. Hapo ndipo niliposikia kwamba kule Mavivi risasi zimelia, kwamba watu wanahama na magodoro kichwani, kwamba barabara imefungwa. Nilishika mboga mkononi mpaka zikanyauka. Nilikuwa na hakika kwamba nikiziachia kitu kibaya kitatokea.

Nikamwendea baba. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha shofere, mlango wazi, gari limezimwa.

"Papa, tumia mukono ya tatu."

"Mukono gani?"

"Ya mbingu. Upite juu ya pori, ukamate mama."

Hakucheka. Aliweka kiganja chake kizito juu ya kichwa changu. "Nitaangalia, Masika," akasema. "Nitaangalia."

Asubuhi iliyofuata walikuja watu wa familia moja wakiwa na macho mekundu. Baba yao alifia hospitalini Butembo, na kwao kulikuwa Mavivi. Walitaka akazikwe kando ya wazazi wake, hata kama mji unahama. Walikuwa wameambiwa kwenye bariyeri kwamba hakuna gari linalopita isipokuwa lenye maiti. Shofere wengine watatu walikuwa wamewakatalia. Baba alikubali kabla hawajamaliza kusema, na wao wakamshukuru mno, hawakujua kwamba ndio waliokuwa wamemletea ufunguo.

Koko alijua. Alimfuata uani wakati baba anafunga matawi ya mkaratusi mbele ya nyota.

"Kwenda uko na maiti," alimwambia kwa sauti ya chini. "Kurudi utapita na nini?"

"Mungu anajua, Mama."

"Mungu anajua. Wewe njo nakuuliza."

Baba akakaza fundo. Wale jamaa wakapakia sanduku, wawili wakapanda pamoja naye, gari likakohoa na kutoka. Niliwakimbilia mpaka kwenye kona nikiangalia magurudumu tu, siyo kitu kingine. Hayakuinuka. Yaliviringika kwenye vumbi mpaka gari likazama nyuma ya kilima. Nilijipa moyo. Nilisema haiwezekani mtu aruke mbele ya watu wote, tena na maiti wa wenyewe, atangoja mpaka afike penye pori.

Siku zilizofuata tulingoja. Koko alishika rozari kutwa nzima, hata alipokuwa anakoroga ugali ilikuwa imezungushwa mkononi, shanga zikigonga mwiko. Mimi niliketi juu ya jiwe la kufulia nikiangalia juu. Wakubwa wote waliangalia barabara, mimi niliangalia mbingu. Siku moja nikasikia mngurumo, nikapiga mbio nikipunga mikono, kumbe ni helikopta ya wanajeshi ikielekea Beni. Koko alitoka, akaniona nimesimama na mikono juu, akanivuta ndani kwa nguvu.

"Unaita nini huko juu?"

"Papa."

Aliketi chini palepale mlangoni. Sijawahi kumwona koko akiketi chini bila mkeka. Sasa naelewa alichosikia: mtoto anamtafuta baba yake mbinguni. Lakini siku ile nilimwonea haya kwa kuogopa kitu kidogo namna hiyo, nikamwambia, "Koko, usiogope, Papa anajua kushuka."

Ilikuwa alasiri, mvua imetoka kupita, nilipousikia ule ukohozi. Hakuna gari lingine mjini lililokohoa vile. Nikaruka kutoka kwenye jiwe. Mujerumani alitokea kwenye kona, amepakwa matope mpaka madirishani, taa zimewaka mchana, na mbele yake, yamemfunika mpaka nyota, yamejaa makuti. Siyo mikaratusi aliyoondoka nayo. Makuti ya mchikichi, marefu, mabichi, mengine yamevunjika na kuning'inia.

Nilielewa mara moja. Baba alikuwa ameruka. Alipita juu ya pori, alipita chini mno kwa sababu hajazoea, akakwangua vilele vya ile mirefu ya Beni, ile wanayopanda kwa kamba. Nilianza kucheka na kupiga makofi. Nilikuwa narukaruka barabarani nikipaza sauti, "Aliruka! Papa aliruka!"

Nyuma yangu koko alitoa ukelele ambao bado ninao masikioni. Mama Kavira alitoka akaliona gari, naye akaupokea. Mtaa mzima ulisoma lile gari kama tulivyofundishwa kusoma. Baba aliondoka kumtafuta mkewe, amerudi na majani. Watu walitoka kwenye nyumba zao, wanawake wakafungua vilemba, wanaume wakavua kofia, wakaingia uani nyuma ya gari kabla baba hajawahi kuufunga mlango wa uzio. Nilimwona akishuka na kuwapungia mkono warudi. Alikuwa anajaribu kusema, lakini sauti ilikuwa imemwishia, na waliodhani anaomboleza wakazidi kulia.

Koko ndiye aliyeinua mlango wa nyuma. Viti vilikuwa vimelazwa, juu yake godoro, juu ya godoro mtu amefungwa shuka jeupe kuanzia kichwani. Miguu tu ilikuwa nje. Niliijua ile miguu, kidole cha mwisho cha kushoto kilichokuwa kimejikunja. Ile harufu ikatoka: mazutu, nyuzi za nazi, majani.

Sikulia. Nilishika kile kidole. "Mama analala," niliwaeleza watu, kwa sababu ilionekana hawajui. "Wametoka mbali, juu."

Kile kidole kikajikunja mkononi mwangu.

Kisha shuka likasogea, na sauti ya mama, kavu, kama ya mtu aliyekaa siku nyingi bila maji, ikatoka ndani yake. "Masika. Umekula?"

Watu wakatoka uani mbio kwa namna ambayo mpaka leo inachekwa Kimemi. Mume wa Mama Kavira, mtu wa kwaya, aliruka uzio wa miiba. Koko peke yake hakusogea. Alikuwa amekamata ule mlango kwa mikono yote miwili.

"Kama uko muzimu, uende," alisema. "Kama uko Mama Masika, utoke."

Mama akatoka. Baba akamshika mkono. Koko alimgusa usoni, mashavuni, kwenye masikio, akimpapasa kama nguo sokoni, halafu badala ya kumkumbatia akamgeukia mwanawe na kumpiga kofi. Baba yangu, mtu mzima mwenye ndevu.

"Umefunga majani ku mutu muzima! Umeita kifo mpaka ku mulango yangu!"

"Mama, ilikuwa ile ao tubaki."

"Najua!" Akampiga tena, kisha akamwangukia shingoni akilia. "Najua, mwana yangu, najua!"

Hakumruhusu mama apite mlango wa mbele. Alisema kama kuna kitu kimefuata yale makuti kutoka Beni, kitangoja hapo mbele mpaka kichoke. Mama aliingia nyumbani kwake kwa mlango wa jikoni, ameinama chini ya kamba ya nguo, akala ile sahani iliyofunikwa. Makuti koko aliyafungua mwenyewe, akayatupa mbali. Paluku alipanda mapajani mwa mama na hakushuka tena.

Mimi nilikuwa na swali moja. Nilimfuata baba alipokuwa anaosha gari.

"Papa, ulitumia mukono ya tatu?"

Aliangalia dirisha la jikoni, kivuli cha mama kilikuwa kinapita mle. "Ee," akasema. "Nilitumia."

Nililala na furaha. Lakini furaha ile haikuwa safi, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanza kuota mizizi. Kwa sababu mama hakulala tena chali. Alilala kwa ubavu tu, magoti yamekunjwa, na usiku nikiamka nilimkuta baba ameketi akimsikiliza anavyopumua. Mama hakupanda tena nyuma ya Mujerumani, hata mara moja, na mimi sikumuuliza, nikaapa nami sitapanda. Nilikuwa naamka alfajiri, naenda kugusa kile kidole chini ya blanketi nione kama kitajikunja. Alinivumilia. Wakati mwingine alikikunja kabla sijafika.

Nilipokwisha kukomaa, mama alinieleza mambo yalivyokuwa, tukiwa tunamenya viazi, macho yake yakiwa kwenye kisu. Baba alimkuta Mavivi chini ya kitanda cha dada yake. Dada yake na watoto walikuwa wametangulia parokiani mjini Beni, na huko walisalimika, lakini mama alikuwa amekataa kuondoka, alijua baba atamtafuta pale. Walikata makuti uani. Akafungwa shuka.

"Nilifikiri itakuwa rahisi," alisema. "Kulala tu. Mais kulala bila kupumua sana, mu ile joto, na nzi! Bariyeri ya kwanza tukapita. Ya pili, muaskari akasema afungue. Papa yako akasema, ni bibi yangu. Ile hapana kuwa uongo. Muaskari akafunua uso yangu. Nilisikia pumzi yake. Na nzi akakuja kukaa ku mudomo yangu, hapa."

Aliugusa mdomo kwa ncha ya kisu.

"Nikasema ndani ya roho, Nyamuhanga, Mungu yetu, leo tunakufa juu ya nzi. Na yule mutu akamufukuza. Kwa mukono, polepole. Akanifunika tena, akakamata muguu yangu. Masika, muguu yangu ilikuwa na moto! Nilikuwa natoka jasho! Akaikamata muda, akasema na Kilingala yake, *Mama, kende malamu*. Nenda vizuri. Akaacha kamba ianguke."

"Alijua?"

"Kila siku namuuliza Mungu." Kiazi kilikuwa kimekwisha kumenywa, lakini aliendelea kukizungusha. Halafu akacheka, kama alivyozoea kucheka akitaka kulia. "Yule bibi ya Mujerumani alienda amekaa mbele, na kofia na pini. Mimi balinipeleka nyuma na nzi. Mais tulifika sisi wote."

Mama alifariki mwezi uliopita, kwa ugonjwa, kitandani, amelala kwa ubavu. Nilikuwa nimeshika kile kidole. Nilikingoja kijikunje muda mrefu kuliko ninavyoweza kueleza hapa, na baba aliniacha nikingoje.

Alikuwa ametuachia agizo moja. Alilisema mbele ya wote, kwa sauti ya kutania lakini jicho limekaza. "Majani hapana. Ile safari ya majani nilishafanya."

Shamba la familia liko Lubero, na huko ndiko tunakozikwa. Paluku, ambaye sasa ana ndevu nyingi kuliko baba, alitaka tukodi gari la kisasa. Baba alikataa. Aliliosha Mujerumani mwenyewe, mzee wa mgongo uliopinda, akalikausha mpaka likawa jeupe kama zamani, na mbele hakuweka kitu. Sanduku likaingia nyuma, kiti kimoja kikabaki wazi kando yake. Wote waliniangalia, wanajua kiapo changu. Nikapanda. Ndiyo ile harufu niliyoanza nayo. Nililaza mkono wangu juu ya sanduku, upande wa miguu.

Kwenye bariyeri ya kwanza askari kijana aliinama dirishani, akaliona sanduku, akashangaa.

"Papa, majani iko wapi? Batu bajue je muko na maiti?"

"Mwenyewe alikataa," baba alijibu.

Yule kijana hakuelewa, lakini alivua kofia na kuteremsha kamba.

Tukapanda milima. Baridi ya Lubero ilianza kuingia kwenye nyufa za milango, na mbele yetu ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara. Kwenye kijiji kimoja watoto walikuwa wanatoka shuleni. Waliona gari refu jeupe la nyota, safi, halina tawi hata moja, wakalisoma kama walivyofundishwa. Wakatupa mifuko yao, wakaanza kukimbia kando yetu wakiruka na kupiga makofi.

"Ndoa! Ndoa! Bibi harusi!"

Paluku akashusha kioo ili awakemee. Baba akamshika mkono. Niliona macho yake kwenye kioo kidogo cha juu, yamejaa maji, yananitafuta mimi.

"Baache," akasema.

Akaweka kiganja chake kizito juu ya honi, akaibonyeza, ndefu, honi ya ndoa, na watoto wakashangilia nyuma yetu. Hakuiachia mpaka tulipoingia ndani ya ukungu, na pande zote mbili za gari udongo haukuonekana tena.